Iacheni "pay" yangu bila "s"

Mara ya tatu wiki hii! Naandika barua ya ofisi hapa Kampala: "We request that he pay the balance." Mkubwa anachukua kalamu nyekundu, anabandika "s" kwenye "pay", ananirudishia niichape upya. Jamani, hiyo "s" haitakiwi pale! Ni ombi, si habari. Mtu hajalipa bado. Kiswahili chetu kinaonyesha wazi: tunasema "tunaomba alipe". Nani aliwahi kusema "tunaomba analipa"? Kiingereza nacho, kwenye ombi kama hili, huacha kitenzi kitupu, "pay", "go", "be", hata kwa mtu mmoja. Na nyie wa "if I was you", hiyo nayo ni ya kuwazia tu, si habari: ni "were", ndugu zangu. Barua imeshatoka na kosa, na aliyeichapa ni mimi. Inaniuma kweli.