Barua ya Kutojiweza

Naandika nikiwa kibarazani, viatu nimeshavua, sikio la kushoto linalia nnniiii kama redio iliyokosa stesheni. Linalia hivyo tangu Machi 1979. Hilo nimelizoea. Nilichoshindwa kukizoea ni cha leo asubuhi.

Nimetoka Tandika alfajiri, napeleka sikio hospitali. Daladala mnaijua. Konda kala mia mbili yangu ya chenji, nikamsamehe, mtoto mdogo yule.

Kosa langu lilikuwa koti. Mama Asha kaniambia, "Baba Asha, unakwenda kwa wakubwa, vaa koti." Nikavaa lile la harusi ya Asha, viatu nikavipiga kiwi hadi nzi anateleza. Askari haendi kikosini mchafu.

Hospitali yenyewe siitaji, maana kesho narudi kulekule. Kuna dirisha la wazee, lina kibao kinachotaka mzee apishwe ahudumiwe kwanza. Chini ya kibao tulikuwa wazee arobaini. Sasa nani ampishe nani?

Binti wa dirishani ana sauti ya mtu anayeposwa. Nimekuja kwa ajili ya sikio, halafu naitwa kwa kunong'onezwa! Nikashtukia anaita kumi na tisa, na namba yangu ni kumi na saba.

"Kumi na saba imeshapita, mzee."

"Imepita wapi, mbona sikuiona?"

Wakanionea huruma, nikasogea.

"Shikamoo babu. Una bima?"

"Marahaba mwanangu. Sina."

"Kitambulisho cha mzee?"

"Na uso huu?"

"Mfumo hausomi uso, babu."

Nikatoa cha NIDA. Kahesabu, miaka 68. Akasema umri umefika, umepita hata, ila msamaha ni kwa mzee asiyejiweza. Niko na barua ya serikali ya mtaa? Hapo ndipo alipoliona koti. Akachungulia chini, akaviona na viatu.

"Mbona wewe unajiweza, babu?"

Nikapiga mguu sawa. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni mgambo wa 1978. Nimetoka Mutukula mpaka Kampala kwa miguu, na safari hiyo hakuna aliyeniomba barua.

"Vita gani hiyo?"

"Ya Kagera!"

"Aah, ya Iddi Amin! Tulisoma shule ya msingi. Una cheti?"

"Cheti cha vita?"

"Cha kuonyesha ulikuwepo."

Kabla sijajibu, mzee mmoja nyuma mwenye bakora kapaza sauti: "Brigedi gani wewe?" Nikamjibu. Akasema mwongo, brigedi hiyo alikuwepo yeye na hanikumbuki. Mwingine naye akainuka kwenye benchi, anadai yeye ndiye aliyeingia Kampala wa kwanza. Mwenye bakora akamwambia wewe ulikuwa mpishi. Mpishi akauliza, kwani mlipigana na njaa? Foleni ikavunjika. Namba ishirini na tatu akapenyeza daftari lake na kuhudumiwa, na huyo nina hakika Lukaya, kule Uganda tulikopigana, hata kwenye ramani hajaiona.

Nikamrudia binti. "Sisi mgambo tulirudi, tukapeana mikono, tukaenda kulima. Cheti changu ni hili sikio. Sogea ulisikilize."

Haki ya Mungu akasogea! Katoa shingo dirishani, kalitega sikio lake kwenye langu.

"Babu, mimi sisikii kitu."

"Ndiyo. Nalisikia peke yangu. Ndiyo maana nimekuja."

"Na aliyekuumiza ni nani?"

Sijui kudanganya. Nikasema mizinga yetu wenyewe, nilikuwa nimesimama karibu mno.

"Kumbe si adui," akasema, na nikamwona anaandika.

Mwalimu Nyerere alitutangazia Novemba ile ya 1978 kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Leo dirishani sababu ninayo, nia ninayo, uwezo sina, na huko kutokuwa nao kunadai barua yenye muhuri! Nikaelekezwa ustawi wa jamii. Ustawi wa jamii yuko semina.

Nikalipa. Daktari kanitazama dakika tatu, akasema ni uzee. Uzee ulioanza nikiwa na miaka 21? Matone hayapo, kanunue nje. Nje ni elfu kumi na nane.

Halafu kuna jambo linanikera kuliko yote. Amin alikufa Agosti 2003 huko Jeddah, Saudia, katika hospitali ya mabingwa, yenye jina la mfalme. Mwaka huohuo 2003 sisi huku tukatungiwa Sera ya Taifa ya Wazee. Yeye tuliyemfukuza kapata mabingwa, mimi niliyemfukuza nimepata sera! Na yeye alitakiwa barua ya mjumbe wa nyumba kumi? Sitaki kujibiwa.

Wanangu wananituliza, baba subiri bima ya afya kwa wote, sheria ilipita 2023. Nasubiri. Hata ile miezi kumi na minane ya kufunga mkanda baada ya vita niliisubiri, na mkanda mpaka leo uko tundu la mwisho.

Barua yenyewe sasa. Mwenyekiti wa mtaa ananijua, na hiyo ndiyo shida. Atasema mzee ana nyumba, ana wapangaji. Nyumba ipi? Bati la ukumbini nimelizibia kwa sufuria. Wapangaji gani? Wa chumba cha mbele hajalipa tangu Ramadhani, ila spika kanunua, ndefu kunizidi, inatikisa vikombe kabatini. Kodi hana! Mke wake kila jioni anamtuma mtoto kwetu, bibi anaomba makaa mawili ya kuwashia. Mawili! Gunia zima limekwenda mawili-mawili.

Hiyo, kashaifungulia tena. Ngoja nigeuze kiti, nimpe sikio la kushoto.