Mtu wa ndege

Jamani mimi kazi yangu ni kuandika habari za ndege wa porini, ndege hawa wa manyoya, na nasisitiza hapo kwenye manyoya kwa sababu ya yaliyonikuta Bahi.

Uwele ulikuwa umeanza kuiva nikapanda haisi toka Dodoma mjini kwenda kuwaona kweleakwelea, maana hakuna ndege wa porini walio wengi kama hao dunia nzima, kundi moja mamilioni. Mshikaji wangu akawa ameshampigia mwenyekiti wa kitongoji, "mpokeeni mtu wa ndege."

Nafika nakuta jogoo kashachinjwa. Ugali wa uwele, mlenda pembeni, firigisi kwangu! Nikasema kumbe uandishi unaheshimika huku. Asubuhi natoka na darubini nakuta watu kama thelathini wananisubiri, nikiinua darubini juu na wao shingo juu, katoto kamoja kakanong'ona "anaiangalia kama imekaribia."

Ikabidi niulize nini. Mzee mwenye jogoo akanijibu kwa upole kabisa, "Ndege yako mjukuu wangu. Ya kumwaga dawa."

Nilinyamaza kidogo. Hapo ndio kosa langu lilipo, ningesema tu samahani nikapande gari, lakini mdomo huu ukaanza kueleza kwamba hapana babu, mimi naandika ndege wenyewe, dume ana barakoa nyeusi usoni na mdomo mwekundu, jike msimu wa kuzaa mdomo unageuka njano, ni wazuri sana...

"Wazuri?" akauliza mama mmoja kashika suke la uwele limebaki kama mswaki.

Mzee akatazama mifupa ya jogoo iliyokuwa bado chini pale. Akasema, "Basi kawatazame vizuri."

Nikapandishwa kwenye dungu katikati ya shamba, nikapewa debe bovu na kombeo, niamie mpaka jua lizame. Wakaja kama moshi, wanajikunja pamoja wanashuka, mbawa zinavuma kama mvua. Jiwe la kwanza likanirudi kisogoni. La pili likagonga bati la mtu. Nikaacha mawe nikabaki na debe na sauti, nayo saa nane ikakauka, huku mhariri anapiga simu makala imefikia wapi.

Kijana wa dungu la jirani, miaka tisa hivi, alinivumilia weee mwisho akapaza sauti: "Mjomba, unawafukuza au unawasalimia?"