Betri ya bodaboda ilale wapi?

Saa nne usiku, chumba kimoja cha kupanga huko Kayole, Nairobi. Pikipiki ya umeme imeegeshwa nje, lakini betri imeingizwa ndani kwa kuogopa wezi. Imewekwa nyuma ya mlango kwa sababu soketi iko hapo hapo. Pembeni kuna mtungi wa gesi, halafu pazia, halafu kitanda chenye watoto wawili. Taa nyekundu ya chaja inawaka wakati wote wamelala.

Kuna wanaotaka kuchaji betri nyumbani kupigwe marufuku, betri zote zichajiwe kwenye vituo vya kubadilishia, ambako dereva huacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa, kama vile vilivyoenea Nairobi na Kigali. Hoja yao ina uzito. Kituoni chaja ni ya betri ile ile, joto linafuatiliwa, na betri iliyovimba inaondolewa kabla haijarudi barabarani. Nyumbani ni bahati nasibu. Betri mbili zinaweza kuuzwa zote kwa jina la volti 48: moja ina safu 13 za seli (betri ndogo ndogo za ndani) za nikeli na kobalti, hujaa kwenye volti 54.6, nyingine ina safu 16 za seli za fosfeti ya chuma, hujaa kwenye volti 58.4. Plagi zinaweza kufanana kabisa. Azima chaja ya pili uichomeke kwenye betri ya kwanza, na kila seli itasukumwa hadi karibu volti 4.5, ilhali kikomo chake ni 4.2. Kinachookoa hapo ni saketi ya ulinzi, inayokata umeme betri ikizidiwa. Kama fundi aliiruka ili betri iache kujizima njiani, hakuna tena cha kuzuia.

Seli ikishazidiwa, joto huzaa joto. Utando wa ndani unayeyuka, kimiminika kinageuka gesi inayowaka, seli jirani inafuata. Unga wa kizima-moto unaweza kuua miali bila kuipoza betri. Maji mengi ndiyo yanayopoza, na hata hivyo inaweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye.

Upande wa pili nao si wa kupuuzwa. Kwa kawaida kituo cha kampuni moja hakipokei betri ya kampuni nyingine, na aliyenunua betri yake mwenyewe hana pa kuipeleka. Anayeishi mbali na kituo angemaliza chaji akiifuata chaji. Halafu kuna hili linalonisumbua zaidi: ukipiga marufuku, betri haitatoka chumbani. Itasukumwa uvunguni, ifunikwe nguo, mwenye nyumba asiione.

New York inatupa kipimo. Mwaka 2023 kikosi chao cha zimamoto kilihesabu mioto 268 ya betri za lithiamu, na watu 18 wakafa. Mwaka 2024 mioto ilikuwa 277, ila vifo vilishuka hadi 6. Sheria ya kuuza betri zilizothibitishwa tu ilikuwa imeanza Septemba 2023, elimu ilitolewa mtaa kwa mtaa, na mioto mingi zaidi ikawa inatokea nje ya majengo. Idadi ya mioto haikupungua, lakini watu walipona.

Ndiyo maana nasema tubishane kuhusu mahali, tuache kubishania ruhusa. Kila ploti yenye bodaboda za umeme iwe na kona uani, mbali na ngazi na lango, yenye paa la mabati, soketi zenye tokeni zake, na vizimba vya chuma vya wavu vyenye kufuli. Wavu, si sanduku lililozibwa, maana gesi inahitaji pa kutokea. Wenye nyumba watalalamikia gharama, na serikali ya kaunti inaweza kuwapunguzia ada. Wizi, ambao ndio unaoileta betri kitandani, unajibiwa na kufuli.

Kona hiyo haijajengwa bado, na usiku wa leo betri ya Kayole itachajiwa. Basi ichajiwe kuanzia saa moja jioni watu wakiwa macho, kwa chaja iliyokuja nayo, ikae mbali na gesi na pazia, na ichomolewe kabla ya kulala. Zaidi ya yote, itoke nyuma ya mlango, kwa sababu watoto wale hawana njia nyingine ya kutokea.