Mwenzi wa kwenye gemu lazima aweze kukukatalia

Ninaposema mwenzi namaanisha mhusika wa gemu anayesafiri na wewe kwenye kikosi. Nianze na Wynne. Kwenye Dragon Age: Origins ya 2009 kuna bibi mmoja mchawi anaitwa hivyo, ndo mganga wa kikosi, na mi nilikuwa natembea naye kila mahali maana bila yeye tunakufa mapema tu. Sasa kuna sehemu mnafika kwenye majivu ya Andraste, ambaye watu wa ule ulimwengu wanamheshimu kama nabii wao, na kuna jamaa kashakuomba uyamwagie damu ya joka uyanajisi, yeye atakufundisha mbinu mpya ya kupigana. Nikaona aah, majivu tu haya, nikamwaga. Hapohapo Wynne akanigeuzia fimbo. Hakununa wala hakunipunguzia pointi, alikuja kupigana na mimi kabisa, yule yule aliyekuwa ananitibu dakika tano nyuma. Nikamuua mganga wangu kwa mkono wangu na gemu ikaendelea kama kawaida, ila nafasi yake kwenye kikosi ikabaki tupu. Nilikaa naiangalia skrini muda mrefu sana.

Toka siku ile nikajua ninachotafuta kwenye RPG, yaani gemu za kuigiza mhusika. Nataka mwenzi mwenye yake kichwani, mtu ambaye alikuwepo kabla sijafika na ana vitu ambavyo hataki hata mimi ndo niwe nimeamua.

Kuna wachezaji hawapendi kabisa hii staili, wanasema wahusika waliokwisha andikwa wanakula nafasi ya mchezaji, kwamba stori ilitakiwa iwe yako ila sasa imekuwa ya mahusiano ya watu sita waliokaa kambini. Nawaelewa. Icewind Dale ya 2000 inakuachia uunde kikosi chote mwenyewe, wote sita, majina, sura, kila kitu, na nani ni ndugu ya nani unajiamulia kichwani. Ni raha ya aina yake na sitaki ipotee. Lakini pale hakuna atakayekubishia, hao wote ni wewe umejigawa mara sita. Mwaka huohuo ikatoka Baldur's Gate II, ndani yuko Jaheira ambaye mumewe Khalid anauawa mwanzoni kabisa mwa stori, kwahiyo ukitaka mapenzi na yule mama unaingia kwa mtu aliyefiwa juzi, na yeye mwenyewe bado anagombana na moyo wake kama ni sawa au sio sawa. Huwezi ukaiunda hiyo mwenyewe kwenye skrini ya kutengeneza mhusika.

Sasa mapenzi yenyewe, hapa ndo nina ugomvi. Rudi kwenye hiyohiyo Origins, yupo Morrigan, hapendi huruma, ukisaidia watu njiani anachukia na mita inayoonyesha anavyokupenda inashuka. Mi nilimuudhi kutwa nzima, jioni kambini nikampa kioo cha dhahabu na vito, mita ikapanda, tukaendelea kupendana kana kwamba hakuna kilichotokea. Yaani gemu moja ina Wynne anayekufa kwa imani yake na Morrigan unayemtuliza kwa zawadi! Na Skyrim ya 2011 ndo ilinichosha kabisa, unavaa mkufu wa Mara, alama ya kwamba unatafuta mchumba, unamsaidia mtu kazi moja, mnaoana, basi ameshaisha, anabaki nyumbani anakupikia na kukupa mgao wa hela za duka. Sina cha kusema zaidi hapo.

Ndo maana huwa nakataa watu wanaposema kila mwenzi apatikane kimapenzi na kila mchezaji. Mchukueni Dorian wa Dragon Age: Inquisition, 2014. Anapenda wanaume tu, na baba yake alipanga kutumia uchawi wa damu ambadilishe, na kile kikao chao baba na mtoto kwenye baa ni moja ya sehemu nzito zaidi nilizowahi kucheza. Mfanye Dorian awe anampenda yeyote anayebonyeza kitufe sahihi, ile stori inaondoka na maana yake. Ukikataliwa naye hujanyimwa kitu, umekutana na mtu.

Baldur's Gate 3 ya 2023 imenipa yote mawili. Usiku ule wa sherehe baada ya kuwapiga goblin, vile vijitu vikorofi, ukizunguka kambini unakuta zaidi ya mmoja anakutaka usiku uleule, nikajisikia kama mimi ndo tuzo ya mashindano, sikupenda. Lakini gemu hiyohiyo ina Karlach, moyo wake ulitolewa akawekewa injini ya moto ya kuzimu, akikugusa unaungua, kwahiyo unamtafutia chuma, unampelekea mfua chuma Dammon, na ni mpaka marekebisho ya pili ndo anaweza kumkumbatia mtu. Awe mpenzi wako awe rafiki tu, furaha yake pale ni yake. Na ukienda kuwachinja wakimbizi waliojificha kichakani, anaondoka na harudi.

Kinachoniuma ni kwamba urafiki umekuwa kama mapenzi yaliyoshindikana, ukimwambia mhusika tubaki marafiki maongezi yanakauka. Wakati Mass Effect 3 ya 2012 walishaonyesha inavyofanyika. Garrus, rafiki yako wa kikosini, anakupandisha juu ya Citadel, kituo kikubwa cha angani, vita imewazunguka pande zote, anarusha chupa hewani mshindane nani ana shabaha, na ya mwisho unaachiwa wewe uamue, uipige au ukose makusudi. Nilikosa. Akafurahi yule, akajitamba, na mi mwenyewe nikawa natabasamu peke yangu kwenye kiti, hakuna pointi niliyopata wala kitu chochote kilichofunguka, na kila nikiirudia ile gemu naikosa tena.