Nani Amsomee Mrukaji Alama ya Mguu Wake?

Mrukaji wa upondo, yule anayejiinua kwa mti mrefu ili avuke ufito uliowekwa juu, haoni mguu wake unapokanyaga njia ya kukimbilia kwa mara ya mwisho. Wakati huo mikono yake imenyanyuka juu ya kichwa, ncha ya upondo inaingia kwenye kisanduku kilichochimbiwa ardhini, na macho yanautazama ufito. Akikanyaga karibu mno na kisanduku atahisi bega limevutwa, mgongo umepata mshtuko na upondo umegoma kusimama wima, lakini chanzo cha yote hayo hatakijua mpaka aambiwe na mtu aliyesimama ubavuni mwa njia. Ndiyo maana nasema kwamba katika mchezo huu kocha ni jicho ambalo mrukaji amenyimwa na maumbile ya mruko wenyewe, na kwamba kanuni za msaada, yaani za nani anaweza kumshauri mwanariadha wakati wa mashindano, zinapaswa kuandikwa na kusimamiwa kwa kuzingatia jambo hilo, hasa kwetu sisi maveterani, wanariadha wa umri mkubwa.

Nilianza kuruka nikiwa na umri wa miaka 46, hapa Sweden ninakoishi. Msomaji aliyekulia pwani anaujua upondo wa kusukumia ngalawa maji yakipwa, na atanielewa upesi nikisema kwamba kazi ni ileile ya kuegemeza mwili wote juu ya mti uliokita chini, isipokuwa mti wetu ni wa faibaglasi, unapinda, na unatuinua badala ya kutusogeza. Riadha ya maveterani huanzia miaka 35 na kugawanywa katika makundi ya miaka mitano mitano. Mashindano yake ya kwanza ya dunia yalifanyika Toronto mwaka 1975, na yale ya mwaka 2024 yalifanyika Göteborg. Kanuni za kiufundi tunazorukia, ukiacha mambo machache, ni zilezile za shirikisho la riadha la dunia zinazomhusu Armand Duplantis, bingwa wa mchezo huu kutoka Sweden, aliyeruka mita 6.25 katika Olimpiki ya Paris.

Nimezisoma kanuni hizo mara nyingi, na kwa haki yake sina ugomvi na shabaha yake. Zinaruhusu mwanariadha kuzungumza na kocha aliye nje ya eneo la mashindano, na zinashauri kwamba makocha watengewe mahali jukwaani karibu na tukio lenyewe. Zinaruhusu pia mwanariadha kutazama picha za jaribio lake lililopita zilizochukuliwa na mtu aliye nje ya eneo hilo, mradi kifaa chenyewe kisivushwe kuingia ndani. Atakayepewa au kutoa msaada kutoka ndani ya eneo ataonywa na refa, na akirudia ataondolewa katika tukio hilo. Waamuzi nao wamekatazwa kutoa ushauri, na kanuni inataja kwa jina kosa la kumwonyesha mrukaji mahali alipokanyagia.

Jambo ambalo wasimamizi wengi hawaliunganishi na hayo ni kwamba kanuni hizohizo zinashauri alama za umbali ziwekwe ubavuni mwa njia ya kukimbilia, kila nusu mita kuanzia mita 2.5 hadi mita 5 kutoka kwenye kisanduku, kisha kila mita moja hadi mita 18. Alama hizo zimewekwa kwa ajili ya macho ya nani? Mrukaji hawezi kuzisoma akiwa mbioni. Mwamuzi anaweza kuzisoma lakini amekatazwa kuyasema anayoyaona. Anabaki kocha peke yake, na kocha asipopewa mahali pa kusimama panapoelekeana na alama hizo, zinakuwa mapambo ya uwanja. Wazazi wa Duplantis, Greg na Helena, ambao ndio makocha wake, hawawezi kukosa kiti kizuri katika uwanja wa Olimpiki. Sisi tunaruka kwenye viwanja vya manispaa ambavyo jukwaa lake, kama lipo, liko upande wa pili ng'ambo ya njia nane za mbio, na kocha anayetii kanuni hulazimika kupiga kelele kutoka umbali ambao mrukaji wa miaka 70, ambaye huenda ameanza kupungukiwa na usikivu, hasikii neno hata moja.

Nimeliona hilo likimpata rafiki yangu, mwanamke wa miaka 68, katika mashindano madogo ambayo sitayataja. Mume wake, ambaye ndiye kocha wake, alisimama nyuma ya kamba karibu na kisanduku kwa sababu jukwaa halikuwapo. Baada ya jaribio la kwanza alimwambia kwa sauti ya kawaida kwamba mguu umeingia ndani, karibu mno na kisanduku, kwa zaidi ya shubiri moja na kwamba arudishe nyuma alama yake ya kuanzia. Refa alikuja, akamwonya yule mama, akamwamuru mume aondoke mpaka kwenye uzio wa nje. Onyo lilimtikisa. Hakurudisha nyuma alama yake kwa hofu kwamba angeonekana anafuata ushauri uliokatazwa. Katika jaribio la pili mguu uliingia ndani zaidi, upondo haukuvuka wima, na yeye akarudishwa na kuangukia njia aliyotoka kuikimbia. Alivunjika kifundo cha mkono. Refa alikuwa mtu mwema aliyeamini kwamba analinda usawa, na simlaumu. Lakini siku ile usawa haukupata faida yoyote kwa mama huyo kunyimwa habari ya mguu wake mwenyewe.

Watu husema kwamba mrukaji mzoefu anapaswa kujua hatua zake. Hoja hiyo ina nguvu kwa mtu kama Jeff Hartwig, Mmarekani aliyeruka mita 5.70 akiwa na umri wa miaka 40 mwaka 2008 na kuingia timu ya Olimpiki ya nchi yake, kwa sababu alikuwa ameishi na mchezo huu tangu ujanani. Wengi wetu hatuko hivyo, na wanawake ndio zaidi. Mruko wa upondo wa wanawake uliingia mashindano ya dunia mwaka 1999 na Olimpiki mwaka 2000, ambapo Stacy Dragila alichukua dhahabu. Mwanamke ambaye leo ana miaka 68 alikuwa amekwisha kupita miaka 40 mlango ulipofunguliwa, kwa hiyo mwili wake haukupata nafasi ya kujifunza hatua hizi ukiwa mwepesi. Flo Meiler wa jimbo la Vermont, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1934, alianza kuruka akiwa amevuka miaka 60 na akaendelea hata baada ya miaka 80. Kumwambia mtu wa namna hiyo ategemee mazoea ya ujana ni kumdai kitu ambacho ulimwengu wa riadha wenyewe ulikataa kumpa.

Tena hatua za veterani hazikai mahali pamoja. Kasi hupungua mwaka hadi mwaka, na kasi ikipungua, mahali pa kushika upondo panashuka, mahali pa kukanyagia panasogea, na upondo wenyewe hauna budi kubadilishwa kwa ulio laini zaidi. Katika shule za sekondari za Marekani mrukaji haruhusiwi kutumia upondo uliotengenezwa kwa mtu mwepesi kuliko yeye; kanuni za dunia hazina sharti kama hilo, zinaliacha jambo zima kwa busara ya mrukaji na kocha wake. Basi kama kanuni imemwachia kocha usalama wetu kiasi hicho, haieleweki kwa nini siku ya mashindano afukuzwe mahali pekee anapoweza kuuona mruko. Muda nao ni mfupi: wakiwa wamebaki warukaji zaidi ya watatu, kila mmoja ana dakika moja tangu ufito uwekwe alivyoomba, na kama anataka nguzo zinazobeba ufito zisogezwe, anapaswa kusema kabla ufito haujawekwa. Uamuzi huo, ambao ni wa kusogeza ufito popote kati ya sentimita 0 na 80 nyuma ya kisanduku, hutegemea habari ambayo kocha ndiye anayo.

Liko tatizo jingine ambalo wenzetu vijana hawalijui. Katika mashindano yetu madogo makundi yote huruka pamoja, mtu wa miaka 35 na wa miaka 80 katika foleni moja, na mara nyingi kocha wa mmoja ni mshindani wa kundi jingine. Akishaingia ndani kuruka, yeye yuko katika eneo la mashindano, na refa anayefuata kanuni neno kwa neno anaweza kulichukulia neno lake kwa mwanafunzi wake kama msaada uliokatazwa. Nimewahi kukaa mita tatu tu kutoka kwa mtu niliyemfundisha mwenyewe, nikamwona akikanyaga vibaya mara tatu, nikanyamaza. Sijapata kuona fahari yoyote katika ukimya ule.

Ninachopendekeza ni kwamba kila mashindano ya maveterani yatenge mahali pa makocha ubavuni mwa njia, nyuma ya kamba, yawepo majukwaa au yasiwepo, na kwamba washindani wenyewe waruhusiwe waziwazi kusomeana alama na kuambiana mguu ulipokanyaga. Kwa yule ambaye hana kocha wala rafiki, nataka tuende mbali zaidi: mwamuzi mmoja apewe kazi ya kumtajia kila mrukaji, bila kubagua, namba ya alama aliyoikanyaga, na makatazo yaliyopo yalegezwe kwa kadiri hiyo tu. Wanaoogopa kwamba wenye fedha za kuajiri makocha watawazidi wengine watapata jibu hapo, kwa sababu habari ikitolewa kwa wote haiwi tena mali ya mwenye nacho. Katika jambo hili namkumbuka Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video kwenye intaneti kabla ya kuwa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015. Mwanariadha asiye na kocha hutafuta jicho popote anapoweza kulipata, nasi hatuna sababu ya kulificha lililo mbele yake.

Kugusa ni jambo jingine kabisa. Mazoezini kocha husimama penye mahali pa kukanyagia na kumsukuma mrukaji mgongoni ili avuke salama; mashindanoni mkono huo ukiingia, urefu uliorukwa si wake tena, na rekodi inakuwa uongo. Hapo niko pamoja na waamuzi wakali kuliko wote. Kadhalika kanuni ya upondo unaoanguka ni njema ilivyo: hakuna ruhusa ya kuugusa isipokuwa unaangukia upande ulio mbali na ufito na nguzo, na refa akiona kwamba bila kuguswa ungeuangusha ufito, jaribio linahesabiwa limeshindwa. Ningeongeza tu kwamba pawepo mtu aliyeteuliwa na waandaaji kuudaka, kwa kuwa upondo mmoja una gharama kubwa kwa mstaafu, na mtu aliyetoka kuanguka kwenye godoro akiwa na miaka 75 hawezi kuinuka mbio kuuwahi.

Rafiki yangu amepona na amerudi mazoezini. Mwezi uliopita nilimwandikia mwandaaji wa mashindano ya majira ya joto tunayokusudia kwenda, nikamwomba benchi moja na mita kumi za kamba, benchi liwekwe upande wa kushoto wa njia, likielekeana na alama za kati ya mita 2.5 na mita 5, na refa aelezwe kabla ya siku yenyewe kwamba watakaokaa pale wana haki ya kusema.