Betri Mbovu, Utuombee

Oktoba ni mwezi wa rozari, na Jumamosi hiyo zamu ya jumuiya yetu ya Wakatoliki kusali ilikuwa kwangu, Charambe, Dar es Salaam. Mke wangu alifagia uwanja tangu alfajiri, akatandika kitambaa cheupe ambacho hata mimi siruhusiwi kukigusa, juu yake sanamu ya Mama Maria na mishumaa. Saa moja kasoro kina mama wako mikekani, wazee kwenye viti vya plastiki, watoto popote.

Matendo ya furaha, fungu la rozari la siku hiyo, tuliyamaliza salama. Yupo kaka mmoja anayesali Salamu Maria kama anawahi basi la Kariakoo, lakini huyo tumeshamwachia Mungu.

Ikaja litania: kiongozi anataja sifa za Mama Maria moja moja, sisi tunaitika “Utuombee”. Mwenyekiti wetu ni mzee wa heshima zake, ila sauti hana. Ukikaa nyuma unaona midomo tu ikicheza. Kwa hiyo tumezoea: akinyamaza, tunaitika.

“Chombo cha neema...”

“Utuombee!”

“Chombo cha heshima...”

“Utuombee!”

“Sufuria mbovu!”

“Utuombee!”

Hakuna aliyeshtuka. Nje ya geti lilikuwa limesimama guta la mnunuzi wa vyuma chakavu, spika imefungwa mbele, na ile sauti ya dada iliyorekodiwa inasoma kwa mapozi kuliko msomaji yeyote wa parokiani.

“Betri mbovu!”

“Utuombee!”

“Friji mbovu!”

“Utuombee!”

Aliyeitika kwa nguvu kuliko wote ni mama katibu. Na ana sababu. Mwaka 2020 Papa Fransisko aliongeza sifa tatu kwenye litania: Mama wa huruma, Mama wa matumaini na Faraja ya wahamiaji. Kitabu cha mzee ni cha zamani, hazimo, na mama katibu hajachoka kumkumbusha. Sasa aliposikia maneno mageni, akajua mzee hatimaye amenunua kitabu kipya.

Watoto ndio waliotuumbua. Mmoja alianza kucheka, akafuata wa pili, mke wangu akawakata jicho, wakazidi. Mara geti likasukumwa.

“Hodi! Nimesikia mnaitika. Hiyo friji iko wapi?”

Alikuwa kijana mpole, mizani mkononi. Alipoona mishumaa akavua kofia, akajibanza karibu na sanamu, akasubiri kwa adabu kabisa. Spika hakuizima. Tukawa na viongozi wawili wa sala: mmoja uani, mmoja barabarani. Wa barabarani anashinda.

“Mabati chakavu!”

Waliokuwa wamebaki na uso wa ibada wakaishiwa. Kaka wa Kariakoo alijifunika kwa shati. Hapo mzee akasimama, akavuta pumzi, akatoa sauti ambayo hatukujua anayo:

“NYOTA YA ASUBUHI!”

Kuku waliruka. Tuliitika kama askari, tukakimbizana hivyo hivyo hadi Malkia wa amani.

Baada ya matangazo na mchango, friji letu bovu la nyuma ya jiko lilipata mteja, na mama katibu, bila aibu, akauliza kilo ya chuma ni shilingi ngapi. Mzee alimvuta kijana pembeni akamwambia jambo. Kijana aliinamisha sikio, akainamisha tena, ndipo akaelewa: anaulizwa hiyo spika anaiuza bei gani.