Mpangaji kafiwa, barua nimeletewa mimi

Barua ilikuja kwa rejista, ya kusainiwa mlangoni. Hapa Marekani mtu akikuletea barua ya kusaini, moyo unaanza kwenda mbio hata hujaifungua: ni mahakama, ni kodi, au ni uhamiaji. Yangu haikuwa mojawapo. Ilitoka halmashauri ya mji wetu, mji mdogo wa Ohio ambao sitautaja kwa kuwa nyumba yangu bado iko humo. Ilisema nyumba ninayopangisha imeitiwa polisi mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kwa kelele na kwa magari kuziba njia. Nina siku kumi za kuandika mpango wa kukomesha kero. Nisipoandika, au kero ikirudi ndani ya miezi 12, kila gari la polisi litakalofika pale gharama yake ni yangu, na faini juu yake.

Hiyo kero naijua. Nilikuwepo. Nilibeba viti.

Mpangaji wangu ni mama wa Uvira, Kongo, aliyefika huku na wanawe wanne baada ya miaka mingi ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Mwezi wa kumi alifiwa na mama yake mzazi. Kwenda kuzika hawezi: hati hazijakamilika, nauli hakuna, na barabara ya kwao siku hizo haikuwa ya kumtuma mtu. Watu wakaja kwake. Jioni tatu mfululizo, wakitoka zamu za kiwandani wamevaa viatu vyao vya kazi, wakaja na masufuria ya sombe, yaani kisamvu, na bugali. Wanawake ndani, wanaume uani na makoti, nyimbo za kanisani mpaka saa tano usiku. Mimi nikaenda kwa mwenzangu wa kanisani kuchukua viti vya kukunja, 20, nikavipanga mwenyewe kwenye majani yangu mwenyewe.

Jirani wa mkono wa kushoto ni mzee mmoja mpole anayefyeka majani kila Jumamosi. Alipiga simu usiku wa kwanza, wa pili, na wa tatu. Wala simlaumu sana, maana hakuna aliyepita kumwambia kuna msiba. Kwao msiba ni saa mbili za alasiri kwenye nyumba ya mazishi, kahawa na mkate wenye nyama, kisha kila mtu kwake. Polisi walikuja kwa adabu, wakaomba sauti ipunguzwe, ikapunguzwa. Lakini kila safari kijana yule aliandika kitu kwenye kishikwambi chake, na alichoandika ni namba ya nyumba. Jina la mtu hakuuliza.

Nilimpigia mama yangu, aliyeko Tandika, Dar es Salaam, kumsimulia. Mama ana nyumba ya vyumba sita kule, amepangisha tangu mimi niko darasa la pili, kwa hiyo mambo ya wapangaji ni fani yake.

"Sasa wewe umefanya nini?" akaniuliza.

"Sijafanya kitu, mama. Mpangaji kafiwa."

"Ndiyo nakuuliza. Umempelekea nini mfiwa?"

Nikamwambia nimeletewa barua, natakiwa nieleze nitamdhibiti vipi. Kimya. Halafu: "Mji mzima huo hauna mjumbe wa nyumba kumi?"

Hauna. Ulicho nacho ni sheria ndogo. Miji mingi ya Marekani inazo, na zimegawanyika sampuli mbili. Sampuli ya kwanza ni kama ya kwetu: mji unahesabu mara ambazo polisi wameitwa kwenye anwani fulani, hesabu ikifika kiwango, mwenye nyumba anaandikiwa. Milwaukee, kwa mfano, kiwango kilikuwa mara tatu ndani ya siku 30. Sampuli ya pili ilianzia kwa polisi wa Mesa, Arizona, mwaka 1992, ikasambaa nchi nzima: mwenye nyumba anafundishwa kupekua historia ya mwombaji, na mkataba unawekewa kifungu kwamba mpangaji, au hata mgeni wake, akishukiwa uhalifu, familia nzima inatoka. Akishukiwa tu. Si lazima ahukumiwe.

Nitasema ukweli kuhusu chanzo cha sheria hizi, kwa sababu na mimi nina macho. Mtaa wa pili kutoka pale kuna nyumba ambayo mwenyewe anaishi Florida. Kwa miaka miwili paliuzwa dawa mchana kweupe, watoto walizuiwa kupita njia hiyo, na yeye kule kazi yake ilikuwa kupokea kodi. Mtu wa namna hiyo humpati kwa kumsihi. Ukimpiga faini ndipo anakumbuka ana nyumba. Anayesema sheria hizi zimetungwa na wendawazimu hajaishi jirani na nyumba kama ile.

Tatizo ni silaha anayopewa mwenye nyumba. Mimi si polisi, si hakimu, si mzee wa mtaa. Siwezi kumkamata mtu wala kumsuluhisha na jirani yake. Hata nikiingia kwa mpangaji bila taarifa nakuwa nimevunja sheria nyingine. Ninachoweza ni kimoja: kumwondoa. Nilipopiga namba iliyokuwa chini ya barua, dada aliyepokea, mchangamfu kabisa, aliniambia wamiliki wengi huona rahisi kutoongeza mkataba. Hakusema nimfukuze. Alisema tu wengi huona rahisi.

Ikawa hivyo Milwaukee kwa idadi kubwa. Wanasosholojia walipekua barua zote za kero zilizoandikwa na polisi mwaka 2008 na 2009, wakakuta karibu theluthi moja zinahusu ugomvi wa majumbani, yaani, kwa sehemu kubwa, mwanamke kapigwa kaita polisi. Na wamiliki walioandikiwa barua za aina hiyo, asilimia 83 ama walimfukuza mpangaji ama walimtishia kumfukuza. Baadaye mji ukarekebisha sheria na kuyatoa mapigo ya majumbani kwenye hesabu.

Norristown, Pennsylvania, ndiko ninakokuwaza zaidi. Mwaka 2012 kulikuwa na mama mmoja wa kupanga aliyeambiwa na polisi kwamba simu zimeshafika idadi, ikiitwa nyingine anatolewa. Mwanaume aliyekuwa naye zamani akarudi, akamvunjia chombo cha majivu ya sigara kichwani, akamchoma shingoni kwa kigae chake. Damu zinamtoka, anamsihi jirani asiite polisi, maana atakosa nyumba. Jirani akaita. Wakamchukua kwa helikopta. Siku chache baadaye, amerudi kutoka hospitali, mji ukamwelekeza mwenye nyumba amtoe. Kesi ikaenda, na mwaka 2014 mji ukakubali kulipa dola 495,000 na kuifuta sheria, na jimbo lenyewe likatunga sheria ya kuwalinda wanaoita msaada.

Na wasomaji wangu wa Minnesota hawahitaji kusimuliwa ya Faribault. Wasomali walihamia mji ule kwa ajili ya kazi, wengi kwenye kiwanda cha nyama ya bata mzinga. Mwaka 2014 mji ukapitisha sheria yake ya nyumba zisizo na uhalifu: polisi wanaweza kuamuru familia itolewe kwa tuhuma, na idadi ya watu kwa chumba ikawekewa kikomo ambacho familia ya Kisomali yenye watoto saba haiwezi kukitimiza. Kesi iliisha mwaka 2022, mji ukilipa dola 685,000. Mtu aweza kuuliza kama walipima vyumba au walipima watu. Mimi jibu langu ninalo.

Mwaka huohuo wa 2022 sheria ya taifa ikaweka wazi haki ya mtu kuita msaada kutoka nyumbani kwake bila kuadhibiwa, na California imeipiga marufuku hiyo sampuli ya pili tangu Januari 2024. Kwa hiyo hali inabadilika, ila polepole, na mji wangu bado haujapata habari.

Sasa Tandika. Mama akipata mpangaji mwenye matatizo, anaanza mwenyewe, uani, asubuhi, kila mtu anapiga mswaki. Tulikuwa na kijana chumba cha mbele, fundi redio, na sabufa lake la kujiundia. Mama akasema mara ya kwanza, akasema ya pili. Ya tatu hakusema: saa nne usiku akaenda kwenye swichi kubwa akazima nyumba nzima, kwa sababu LUKU, mita ya umeme, ni moja na iko chumbani kwake. Wapangaji wengine wakatoka gizani kumshughulikia kijana wenyewe. Alipokaidi, wakaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi, wakakaa kwenye benchi la nje na chai, wakakubaliana saa. Kijana yule alikaa miaka minane, akaoa humo humo. Tulipofiwa na baba, yeye ndiye aliyefunga turubai na kuziba barabara kwa mawe, magari yakazungukia mtaa wa nyuma kwa siku tatu. Hakuna aliyemwita mtu.

Mfumo huo wa wajumbe, au mabalozi, umetoka mbali, enzi za TANU, na Kenya nao wakachukua jina lake, Nyumba Kumi, baada ya shambulio la kigaidi la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, ingawa wao waliutaka zaidi kwa usalama: mwenye nyumba ajue anamlaza nani. Kwa maana hiyo na kwetu mwenye nyumba anawajibika. Ila anawajibika akiwa na watu pembeni yake. Mama hakuachiwa mzigo peke yake na siku kumi za kujieleza.

Lakini msinifanye niimbe. Mama yangu huyohuyo hapangishi mwanamke asiye na mume, "wanaleta maneno," na hakuna sheria inayomgusa. Mwenye nyumba wa mtaa wa nyuma alimng'olea mpangaji mlango kwa kodi ya mwezi mmoja, akaubeba mlango kichwani huku watu wanacheka. Na chumba cha nne, nikiwa kidato cha kwanza, alikaa mwanamke aliyekuwa akipigwa kila mwisho wa mwezi. Tulisikia sote. Mjumbe aliletewa suala hilo, akasikiliza vizuri sana, akasema ni mambo ya ndani, warudi wakazungumze. Walirudi. Yule mama wa Norristown na huyu wa chumba cha nne wangekutana wangeelewana bila mkalimani.

Kwa hiyo ninachotetea si kurudisha mjumbe Ohio. Nataka nibanwe kwa nyumba: bomba likivuja, hita ikifa Januari, ngazi ikioza, takataka zikirundikana, nipigwe faini na isipungue senti. Hivyo ni vyangu. Na yule wa Florida kuna mahakama: mji una wanasheria, una polisi, upeleke ushahidi. Mtu mzima anayeishi kwangu kwa mkataba si bomba langu.

Nikaandika mpango wangu wa kukomesha kero, ukurasa mmoja. Niliandika kwamba mama mzazi wa mpangaji amefariki, kwamba mila ya maombolezo ni siku tatu, kwamba siku tatu zimeisha, na kwamba marehemu hana mpango wa kufariki tena. Mke wangu akaifuta sentensi ya mwisho. Tukaongeza kwamba nitazungumza na jirani, na kweli nilikwenda, na chapati. Mzee akasikitika kweli. Akasema angejua asingepiga. Mji ukajibu kwa mistari miwili: mpango umekubaliwa, hesabu ya miezi 12 inaendelea.

Januari, saa nane usiku, niko zamu ya ghala, simu ikaita. Mama wa Uvira, ananong'ona. Kuna mtu anatikisa mlango wa nyuma, watoto wameamka.

"Umeita polisi?"

"Nilisema niite weye kwanza, papa, nisikuletee barua ingine."

Niko mwendo wa dakika 25. Nikamwambia akate, naita mimi. Na hapa nitasema jambo ambalo sijamwambia mama yangu: kabla ya kubonyeza 911, nilihesabu. Kidole kiko juu ya kioo, na kichwa kinasema Oktoba tatu, hii ya nne. Sekunde mbili, labda tatu. Ndipo nikapiga.

Alikuwa mlevi aliyekosea nyumba. Polisi walimpeleka kwao. Iwapo simu ile ilihesabiwa, sikuambiwa, na sikuuliza.

Sasa mwezi wa kumi unarudi. Mama wa Uvira anataka kuondoa matanga ya mwaka, watu walewale, masufuria yaleyale. Nimetazama kalenda: miezi 12 ya mji inaisha siku tisa baada ya tarehe yake. Nilimwomba asogeze mbele wiki mbili, akaniangalia kama mtu niliyemtukania mamaye. Tumekodi chumba cha chini cha kanisa, dola 150, kufunga saa tatu usiku. Nusu nimelipa mimi. Viti wanavyo.